Wembe wa Mlanzi

Wembe ni ule ule, husema watu.
Hawajafungua bati la baba.

Nimelifungua leo, Kihesa, saa moja asubuhi,
ukungu bado umelalia paa la kinyozi
na kifuniko kimeng'ang'ana kwa kutu.
Nyembe sita za kukunja,
kila moja imeviringishwa kipande cha khanga kuukuu ya mama.

Gaudensi alishachukua pikipiki.
Otmari, shamba la mbao kule Kilolo.
Wewe Evodia, chagua wembe mmoja, wakaniambia,
unaobaki kuna mtu wa Mafinga ananunua vya kale.
Wakacheka: kwani una ndevu?

Sina. Nina macho.

Huu wa mpini mweupe, pembe ya ndovu, au ndivyo alivyotuapia,
ulikuwa wa bwana shauri na wa mapadre.
Haukuwahi kugusa shavu la mtu wa mkopo.
Ni mzuri. Nimeurudisha.

Huu chuma cha Wajerumani,
baba aliupata kwa bruda mmoja wa Tosamaganga
kwa magunia mawili ya mahindi, na mama hakumsemesha hadi mavuno.
Ukiufungua unalia ting,
kama kijiko kwenye bilauri ya jirani mwenye nacho.
Nimeufungua mara tatu, kwa ajili ya ile ting tu.

Hizi mbili ni pacha, hazijanyoa mtu.
Aliziweka kwa harusi za wanawe.
Harusi zikaja, wanawe wakaenda kwa kijana wa mashine.
Mafuta aliyozipaka mwaka ule bado yanateleza kidoleni.

Na huu mzito, wa pembe ya nyati, wa matanga.
Ulininyoa nina miaka tisa, bibi amezikwa jana yake:
maji ya baridi, povu la sabuni ya mche,
na sauti ile juu ya fuvu, krrr, krrr,
panya ndani ya kihenge.
Zako tia maji, alinong'ona baba kwa aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni,
tukacheka msibani, tukafinywa.
Ningeuchukua huo.
Mkono ulishakwenda.

Lakini chini kabisa kuna huu wa sita,
mwembamba kwa kunolewa, ubavu mmoja una pengo la punje ya ulezi.

Masika moja kisu cha mama kilipotea,
na mlanzi haungoji mtu: usipoukata ncha asubuhi na jioni
unafunga jicho, mbeta inabaki kavu.
Akachukua wembe wa kwanza kuuona.
Siku nane alikata nao milanzi kwenye mvua,
akaurudisha mpini umepasuka, chuma kimeng'oka jino.

Baba hakusema kitu siku tatu.
Ya nne akaenda bondeni na msumeno,
akakata pingili ya mlanzi ule ule,
akachonga mpini mpya, akaupiga msumari wa kiatu.
Tangu hapo hakumnyolea mteja nao. Kidevu chake tu.
Na kila alfajiri lile pengo
lilimwachia mstari mwembamba wa ndevu chini ya taya.
Tuliuona tena siku ya jeneza.
Mjomba aliyemnyoa akasema, samahani, wembe wangu ni mpya,
nimepitisha mara mbili, mstari hautoki.

Nimeujaribu kwenye mkono wangu. Unashika.
Unaruka pale pale.

Mtu wa Mafinga kapiga simu: umebakiza upi, dada?
Ule wa mwanzi, wenye pengo.
Nilimsikia akishusha pumzi, akamshukuru Mungu wake,
akaniita mtu muungwana.

Nimeuviringisha upya kwenye kitambaa chake.
Ni upindo wa khanga wenye maneno, umekatwa katikati:
UMENIUDHI LAKINI
Nusu ya pili nadhani ilikuwa kwenye wembe wa Wajerumani.
Imekwenda Mafinga.